Bunda Bora Ni Lipi? Hesabu za Uchaguzi katika Mashindano ya Karata

Mtu anayejiandaa kwa jambo gumu huambiwa achange karata zake vizuri. Usemi huu umetokana na mchezo tuujuao sote, wa karata 52 za kopa, uru, pau na shupaza, ambamo mchezaji hana hiari ya kuchagua karata atakazogawiwa. Akipata turufu, ni bahati yake. Akikosa, atatumia alizonazo. Lakini iko aina nyingine ya mchezo wa karata, ambamo kila mshindani huja mezani na karata zake mwenyewe, alizozichagua moja moja nyumbani kabla ya mashindano. Hapo busara huanza kutumika siku nyingi kabla karata ya kwanza haijachezwa.

Vijana wengi wanaoingia katika mchezo huo huuliza swali moja: Karata bora ni zipi? Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali hilo, kwa namna lilivyoulizwa, halina jibu. Ubora wa karata hutegemea karata za wapinzani, na utegemezi huo waweza kupimwa kwa hesabu za shule ya sekondari.

MCHEZO WENYEWE

Mwaka 1993 Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering, ambao ulichapishwa na kampuni ya Wizards of the Coast. Mingine ilifuata, kama vile mchezo wa karata wa Pokémon uliotolewa Japani mwaka 1996. Katika Magic peke yake zimekwisha kuchapishwa karata za aina zaidi ya 25,000.

Katika mashindano ya kawaida ya watu wawili, kila mchezaji huanza na alama 20 za uhai na karata 7 mkononi, kisha huchukua karata moja kila zamu yake ifikapo. Baadhi ya karata huitwa ardhi. Kila zamu mchezaji huruhusiwa kuweka mezani ardhi moja tu, na ardhi hizo ndizo zitoazo nguvu ya kulipia karata nyingine, kama vile viumbe vya kushambulia na karata za kuvunja mipango ya mpinzani. Mchezaji ambaye uhai wake umefikia sifuri ameshindwa.

Karata ambazo mchezaji huingia nazo mashindanoni tutaziita bunda. Sheria mbili hulitawala: bunda lisiwe na karata chini ya 60, na karata ya jina moja isizidi nakala 4, isipokuwa zile ardhi za msingi.

KWA NINI WATU HAWAZIDISHI 60?

Sheria haikatazi bunda la karata 80. Hata hivyo washindani karibu wote huishia 60 kamili, na sababu yake ni ya kihesabu.

Tuchukue karata moja muhimu yenye nakala 4 katika bunda la 60. Kuna uwezekano gani wa kuipata walau mara moja katika karata 7 za mwanzo? Ni rahisi zaidi kutafuta kwanza uwezekano wa kuikosa kabisa. Ili tuikose, nakala zote 4 ziwe zimeangukia katika nafasi 53 zilizo nje ya mkono:

53/60 × 52/59 × 51/58 × 50/57 = 0.60 kwa kukadiria.

Basi uwezekano wa kuipata ni 0.40, yaani asilimia 40. Katika bunda la karata 80 uwezekano huo hushuka hadi asilimia 31. Kila karata ya ziada huzisukuma mbali zile zilizo bora.

Mchezaji akihitaji karata mbili tofauti kwa pamoja, kila moja ikiwa na nakala 4, uwezekano wa kuzipata zote mbili katika karata 7 za mwanzo ni kati ya asilimia 14 na 15 tu. Tuikumbuke tarakimu hii, kwani ndiyo inayotofautisha aina za mabunda.

AINA TATU ZA MABUNDA

Mabunda ya mashindano ni mengi, lakini kwa ajili ya kujifunza twaweza kuyagawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni bunda la mbio. Hili hujazwa viumbe vidogo vya bei nafuu, na nia yake ni kummaliza mpinzani kabla hajajipanga. Kundi la pili ni bunda la kuzuia. Mwenye bunda hili huvunja kila hatua ya mpinzani, hujiongezea karata mkononi, na hushinda polepole wakati mwenzake amekwisha kuishiwa. Kundi la tatu ni bunda la mtego. Hili hutegemea karata mbili au tatu ambazo, zikikutana, humaliza mchezo kwa ghafla. Kama tulivyoona, karata hizo hazikutani upesi, na kwa hiyo bunda la mtego hujazwa karata za kutafutia karata nyingine.

Mara nyingi makundi haya hushindana kwa mzunguko. Mbio humwahi mwenye kuzuia kabla hajajijenga. Mwenye kuzuia huukata mtego kwa kuivunja karata moja tu muhimu. Naye mwenye mtego humshinda mkimbiaji, kwa sababu mkimbiaji hana karata za kumvurugia mipango. Hivyo hakuna aliye juu ya wote.

HESABU YA MASHINDANO

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba matokeo ya kila michezo 100 ni haya:

Mbio dhidi ya kuzuia: mbio 60, kuzuia 40.
Kuzuia dhidi ya mtego: kuzuia 65, mtego 35.
Mtego dhidi ya mbio: mtego 70, mbio 30.

Mabunda ya aina moja yakikutana, kila upande hushinda 50.

Katika mashindano makubwa, asilimia 50 ya watu wamekuja na mbio, asilimia 30 na kuzuia, na asilimia 20 na mtego. Mwenye mtego atarajie ushindi wa kiasi gani?

(0.50 × 70) + (0.30 × 35) + (0.20 × 50) = 55.5

Kwa njia hiyo hiyo msomaji atapata 49 kwa mbio na 48 kwa kuzuia. Mtego umeongoza. Habari zinaenea, na wiki ya pili watu wengi wanauiga: sasa mtego ni asilimia 50, kuzuia 30, na mbio 20. Tukikokotoa upya, mtego unapata 49.5, mbio 43, na kuzuia 55.5.

Hapana karata hata moja iliyobadilika kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Sheria ni zile zile, na ustadi wa wachezaji ni ule ule. Hata hivyo bunda lililoongoza limeshuka chini ya nusu, nalo lililokuwa la mwisho limekuwa la kwanza. Aliyetumia akiba yake kununua bunda la mshindi wa wiki iliyopita amenunua jibu la swali ambalo haliulizwi tena. Mkulima anayepanda vitunguu kwa sababu tu bei ilikuwa nzuri msimu uliopita, huku majirani zake wote wakifanya vivyo hivyo, huingia katika hesabu ya namna hii hii.

MSAWAZO

Je, mzunguko huu waweza kutulia? Mwaka 1950 mtaalamu wa hisabati wa Marekani, John Nash, alithibitisha kwamba michezo yenye idadi maalumu ya wachezaji na ya njia za kucheza huwa na walau hali moja ambayo ndani yake hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadili njia yake peke yake. Hali hiyo tutaiita msawazo.

Katika mfano wetu msawazo hupatikana kwa urahisi. Tazama ziada ya ushindi juu ya 50 katika kila pambano: mbio juu ya kuzuia ni 10, kuzuia juu ya mtego ni 15, mtego juu ya mbio ni 20. Sehemu ya kila bunda hulingana na ziada ya pambano ambalo bunda hilo halimo. Basi mbio itakuwa 15, kuzuia 20, na mtego 10, katika kila watu 45. Kwa mgawanyo huo kila bunda hushinda michezo 50 kati ya 100, wala hapana faida ya kuhama.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Mtego ndio wenye ushindi mkubwa kuliko wote katika jedwali, yaani 70 dhidi ya mbio. Lakini katika msawazo ndio wenye watu wachache kuliko wote. Sababu ni kwamba mtego ukizidi hapo, mbio hukosa mahali pa kupumua na mwenye kuzuia hupata mawindo tele. Ukali wa silaha hautuambii ni wangapi wanapaswa kuibeba.

MZUNGUKO UNAPOVUNJIKA

Maelezo hayo yote yanachukulia kwamba kila bunda lina mshindi wake. Ikitokea bunda lisilo na wa kulishinda, mzunguko huvunjika. Jambo hilo limetokea mara kadhaa katika historia ya Magic.

Mfano mashuhuri ni wa mwaka 2016. Mwaka 2010 ilikuwa imechapishwa karata ya ardhi iitwayo Eye of Ugin, ambayo hupunguza kwa 2 gharama ya viumbe fulani wasio na rangi waitwao Eldrazi. Wakati huo viumbe hao walikuwa wakubwa na wa ghali sana, na nafuu hiyo haikumtisha mtu. Lakini Januari 2016 walichapishwa Eldrazi wapya wa bei ya chini, mmoja wao akiwa na gharama ya 2 tu. Ukitoa 2 kwa 2 hubaki sifuri: kiumbe huyo aliwekwa mezani bure. Mwezi Februari, katika mashindano makubwa ya kulipwa yaliyofanyika Atlanta, mabunda 6 kati ya 8 yaliyofika hatua ya mwisho yalikuwa ya Eldrazi. Mwezi Aprili wasimamizi waliipiga marufuku karata ya Eye of Ugin katika mtindo ule wa mashindano.

Karata iliyokaa miaka 6 bila kutikisa mashindano ya namna hiyo iligeuka hatari kwa sababu ya jirani zake wapya. Wala tatizo hilo halikuisha hapo: tarehe 30 Juni 2025 karata 7 zilipigwa marufuku kwa mara moja katika mtindo uitwao Standard.

TAHADHARI KUHUSU TAKWIMU

Wachezaji wa siku hizi hukusanya matokeo ya maelfu ya michezo kwa kompyuta. Hili ni jambo jema, lakini idadi ndogo hudanganya. Mtu mwenye bunda la kawaida kabisa, lenye nafasi ya nusu kwa nusu, anaweza kushinda michezo 6 au zaidi kati ya 8 kwa bahati tu. Uwezekano wake ni 37/256, yaani zaidi kidogo ya asilimia 14. Katika ukumbi wenye watu 100 wa namna hiyo, tutegemee kuwaona kama 14 wakitoka na sifa hiyo, na kila mmoja akiamini kuwa amevumbua kitu. Ili tuweze kutofautisha kwa uhakika wa kutosha bunda la asilimia 55 na la asilimia 50, twahitaji matokeo ya michezo ipatayo 400.

MZUNGUKO HUU KATIKA MAUMBILE

Wataalamu Barry Sinervo na Curtis Lively walieleza mwaka 1996 habari za mijusi wa California wa aina ya Uta stansburiana. Madume wenye koo la rangi ya chungwa ni wakali, na huteka maeneo makubwa yenye majike wengi. Wenye koo la buluu hushika eneo dogo na kumlinda jike kwa makini. Wenye koo la manjano hufanana na majike, na hupenya kwa siri. Wa chungwa humshinda wa buluu kwa nguvu. Wa manjano humwibia wa chungwa, asiyeweza kulinda eneo lote. Naye wa buluu humzuia wa manjano. Aina iliyozidi kwa wingi huwafungulia njia wapinzani wake, na idadi zao hupanda na kushuka kwa zamu. Mijusi hao hawafikiri kama wachezaji. Ni uzazi na urithi vinavyofanya kazi ya uchaguzi, lakini hesabu ni moja.

MAZOEZI KWA DARASA

1. Katika msawazo wa watu 45 tulioutaja, watu 5 wanahama kutoka bunda la kuzuia kwenda la mbio. Bunda lipi linafaidika, na kwa kiasi gani?

2. Tafuta uwezekano wa kupata walau nakala moja katika karata 7 za mwanzo, ikiwa bunda la karata 60 lina nakala 2 tu za karata hiyo.

3. Wanafunzi waandike kwa siri, kila mmoja katika kipande cha karatasi, neno Mbio, Kuzuia au Mtego. Mwalimu ahesabu na kutangaza matokeo kwa kutumia jedwali letu, kisha zoezi lirudiwe mara 10. Chora grafu ya idadi za makundi yote matatu. Je, zinakaribia 15, 20 na 10 katika kila 45, au zinazunguka tu?

Majibu: (1) Mtego, ambao ushindi wake hupanda kutoka 50 hadi 54 hivi katika kila michezo 100. (2) Asilimia 22 hivi. (3) Jibu litatoka darasani.