Barafu ikienda, kitoweo huenda nayo

Kichwa cha samaki ndicho kilichoninyima usingizi hadi nikaandika makala hii. Samaki mwenyewe ni skalpini, anayeishi chini kabisa ya maji ya ufukweni kaskazini mwa Alaska. Kichwa chake ni kikubwa na kipana, kimejaa mifupa na miiba. Sasa mpe kifaranga wa gilimoti mweusi, ndege wa baharini mwenye miguu myekundu kama pilipili, ambaye hali vipandevipande bali humeza samaki mzima. Maskini hukodoa macho, akahangaika na kitoweo kisichopita kooni. Mzazi wake kafunga safari baharini kumletea samaki huyo mmoja tu, maana gilimoti hubeba samaki mmoja mdomoni kila safari.

Haya tunayajua kwa sababu ya George Divoky. Mwaka 1972 Mmarekani huyu alifika Cooper, kisiwa kidogo cha mchanga na changarawe mashariki mwa mji wa Utqiaġvik, akakuta jozi 10 za gilimoti zikitaga kwenye masanduku ya mbao yaliyotelekezwa na jeshi la majini miaka ya 1950. Akawaongezea mashimo ya kutagia. Tangu 1975 amekuwa akirudi kila kiangazi, anapiga kambi, anashika kifaranga mmoja baada ya mwingine na kumweka kwenye mizani. Amesimulia mara nyingi kwamba hakwenda kule kutafuta mabadiliko ya tabianchi. Alikwenda kwa ajili ya ndege. Mabadiliko yalimkuta hapohapo.

Na mwanzoni yalikuja na heri. Gilimoti huhitaji takriban siku 80 zisizo na theluji ili atage, aatamie na kulea hadi kifaranga aruke. Kiangazi kiliporefuka, koloni lilinenepa: kufikia 1989 jozi zilipita 200.

Kisha barafu ikaanza kukimbia. Chakula halisi cha kifaranga ni chewa wa Aktiki, samaki mdogo mwenye mafuta anayeishi jirani na barafu ya bahari. Divoky na wenzake walilinganisha miaka ya 1975–1984 na ile ya 2003–2012. Zamani, ifikapo Septemba 1, barafu ilikuwa wastani wa kilomita 96 kutoka kisiwani. Miaka ya 2003–2012, kilomita 507. Hakuna mzazi wa kwenda huko na kurudi na samaki mmoja mdomoni. Zamani chewa alikuwa zaidi ya asilimia 95 ya mlo wa vifaranga. Katika kipindi cha pili, miaka 8 kati ya 10 ilishuhudia chewa akipungua kadiri msimu ulivyosonga hadi chini ya asilimia 5, na skalpini akashika nafasi yake. Vifo vya njaa viliongezeka mara tano, na hata waliofanikiwa kuruka waliondoka wakiwa wepesi.

Gilimoti hutaga mayai mawili. Samaki wakiadimika, anayetangulia kuanguliwa ndiye hula. Mdogo wake hukonda kwenye mizani siku hata siku, huku mtu mwenye daftari akiandika. Divoky angeweza kumlisha? Na kama angemlisha, je, angekuwa bado anapima kitu chochote? Sina jibu, na sidhani kama swali hilo lina jibu jepesi.

Barafu hiyohiyo iliyoondoka ilimwacha dubu mweupe nchi kavu. Tangu 2002 dubu walizoea kufukua viota, ndipo mwaka 2011 masanduku ya mbao yakabadilishwa kwa ya plastiki ngumu. Dubu akashindwa. Njaa haikuzuilika kwa sanduku.

Kuna linalonitatiza zaidi: koloni hili lilikua kutokana na takataka za wanajeshi. Tunaposema linapotea, tunalilia maumbile au tunalilia jambo lililotokea kwa bahati? Kwa kifaranga aliyekabwa na skalpini haina tofauti. Jozi zinazotaga Cooper sasa hazifiki nusu ya zile za 1989.