Viatu vya Kulalia

Mwaka 1994 jina la Idete, kijiji cha bondeni Tanzania, liliingia katika jarida la Lancet. Watoto 586, wa mwaka mmoja hadi mitano, walikuwa wameshiriki jaribio la SPf66, chanjo ya malaria iliyotoka Kolombia. Ikaonekana inakinga kwa asilimia 31, kisha majaribio ya kwingine yakaizima. Toka enzi hizo damu ya watu wa bonde hili imepimwa mno, na mbu wao wamehesabiwa mpaka unajiuliza kama wamebaki wasio na namba. Sina ugomvi na mbu. Ila kitu kilichonivuta mimi nilikikuta kimetundikwa kwenye nguzo ya kibanda cha shamba la mpunga, ng'ambo ya kijiji: viatu viwili vya ngozi vya mtoto, wazi mbele, vimeunganishwa kwa fito ya chuma, vidole vimeelekezwa nje kama bata anayetembea. Asiyevijua atadhani mtego wa ngedere.

Ni viatu vya kulalia. Havitembelewi hata hatua moja. Huvaliwa na mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, na kwa maoni yangu ndivyo kazi yenyewe. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya wahudumu, wanadhani tiba ni hogo: plasta ikishavunjwa na wayo ukaonekana umenyooka, basi, asanteni, kwaherini. Hapo ndipo mguu unaporudi ulikotoka.

Mguu kifundo wenyewe sina haja ya kuueleza. Nani hajamwona mtu mzima anayekanyagia ubavu wa wayo, sugu imevimba pale ambapo kiatu hakiingii? Hospitali ya Mulago, Kampala, walihesabu vizazi hai zaidi ya laki moja wakapata kiasi cha watoto 1.2 kwa kila 1,000, wavulana zaidi ya mara mbili ya wasichana. Piga hesabu ya kijijini: wakizaliwa watoto 400 kwa mwaka, mguu kifundo utakuja mara moja katika miaka miwili hivi. Muuguzi wa zahanati anaweza kumaliza mkataba wake akiwa ameuona mara moja tu. Hilo linalosemwa, kwamba chanzo ni mama mjamzito kuruka kamba ya mbuzi au kumcheka kilema, naliacha lilivyo, linajulikana na halina maana.

Kinachonishangaza mimi ni namna mguu unavyokubali kunyooka. Ignacio Ponseti, mtoto wa fundi saa wa kisiwa cha Menorca, alikimbia Hispania baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akapitia Mexico na kufika Iowa, Marekani, mwaka 1941. Huko aliwakuta watoto waliopasuliwa miguu wakirudi na nyayo ngumu zenye maumivu. Akaziangalia kwa hadubini kano zinazofunga mifupa ya wayo wa mtoto. Nyuzi zake za kolajeni zimejikunja mawimbi mawimbi, kama nywele zilizofumuliwa kutoka kwenye twende kilioni. Ukizivuta kidogo, mawimbi yananyooka na kano inarefuka bila kukatika. Ukizishikilia hapo kwa plasta siku chache, mawimbi yanajiumba upya katika urefu ule mpya, na unaweza kuvuta tena kidogo. Ndiyo sababu plasta hubadilishwa kila wiki, na kwa watoto wengi tano au sita zinatosha.

Plasta ya kwanza ndiyo inayotisha wazazi. Mguu umegeukia ndani, na akili ya kawaida inasema usukume nje. Ponseti alianza kwa kuinua upande wa kidole gumba cha mguu, na kwa macho wayo ukazidi kuonekana umepinda. Alikuwa anailinganisha sehemu ya mbele na ile ya nyuma, maana hazikupinda kwa kiasi kimoja. Zikishakaa mstari mmoja, wayo wote unazungushwa kwenda nje taratibu, gumba la tabibu likiwa limeegemea kichwa cha talasi, mfupa ule ulio chini ya muundi. Kisigino hakiguswi kabisa. Kinazunguka chenyewe kuwafuata wenzake, na waliokuwa wakikikamata kwa nguvu miaka yote hiyo ndio waliokuwa wakikizuia. Mwisho inabaki kano kubwa ya nyuma ya kisigino, ambayo haina ulaini ule. Watoto walio wengi hukatwa kano hiyo kwa kisu chembamba chini ya ganzi ya mahali pale pale, wakafungwa plasta ya wiki tatu, na kano ikaota tena ikiwa ndefu. Aliyachapisha matokeo yake mwaka 1963. Wapasuaji wakaendelea kupasua kwa zaidi ya miaka 30. Wazazi walioelezana kwa intaneti ndio waliosaidia kuwageuza.

Sasa viatu. Kile kilichoupinda mguu tumboni hakizimiki siku ya kuzaliwa, kinaendelea kuvuta miaka kadhaa. Kwa hiyo mtoto huvaa viatu saa 23 kwa siku miezi mitatu ya kwanza, kisha usiku na usingizi wa mchana mpaka afike kama miaka minne. Fito ndiyo roho yake. Kiatu peke yake kinashika wayo tu, mguu mzima unabaki huru kuzungukia nyongani. Ukiunganisha kiatu na kiatu, kila mguu unakuwa nguzo ya mwenzake. Wenye ugonjwa unaelekezwa nje nyuzi 60 hadi 70, mzima kama 40, na urefu wa fito hulingana na upana wa mabega ya mtoto. Magoti yako huru, na kila anaporusha miguu yote miwili kwa pamoja anazinyoosha kano zake mwenyewe, bure, bila miadi.

Mwaka 2004 Matthew Dobbs na wenzake waliripoti juu ya watoto 51 waliotibiwa hivyo. Ukali wa mguu wakati wa kuanza tiba haukutabiri nani atarudiwa. Kilichotabiri kuliko yote ni kama viatu vilivaliwa.

Aina niliyoiona kibandani ilibuniwa Uganda na Mholanzi Michiel Steenbeek, katika karakana ya Katalemwa, Kampala: ngozi, uzi, kipande cha bati nene na nondo nyembamba. Na ina jambo moja dogo ninalolipenda kuliko yote, tundu nyuma ya kisigino. Mama wa mtoto alinionyesha. Alimlaza mtoto kwenye mkeka, akaingiza mguu, akakaza, kisha akachungulia tunduni kama mtu anayechungulia nani kabisha hodi. Kisigino hakikuwapo. Kamba ya awali ilikuwa imeoza, akaweka ukanda wa tyubu ya baiskeli, na mpira kwa tabia yake unavutika, kwa hiyo kila mtoto akipiga teke kisigino kinapanda na kiatu kinabaki kimeshika hewa. Ngozi nayo ilikuwa imevimba kwa unyevu, ina ukungu wa kijani kwenye mshono. Mvua zikikaza familia za huku huhamia mashambani mpaka mavuno, na viatu huhama nao, lakini siku ya kliniki haihami.

Bibi yake mtoto alikuwa anapepeta mchele. "Mwanangu, mjukuu wangu umemfunga kama mbuzi wa mnadani," alimwambia mkwewe.

"Mpaka asubuhi tu, mama."

"Na kesho?"

"Na kesho pia, mama."

Nikamuuliza mama wa mtoto kwa nini asivipeleke kwa fundi viatu. Akasema kituo alikovipata walimkataza kabisa kuvigusa, aje navyo, na nauli ya kwenda na kurudi anaijua yeye. Niliudhika. Kukataza fundi asibadilishe pembe ya fito ni sawa, huo ni utaalamu. Lakini kamba ya ngozi? Bonde hili limejaa ng'ombe, na senta yoyote yenye mashine ya kusaga ina anayechomelea baiskeli na anayeshona makatambuga. Tanzania imekuwa ikisomesha mafundi wa vifaa tiba vya viungo pale chuo cha TATCOT, Moshi, tangu 1981, na wanafunzi huja kutoka nchi nyingi za Afrika. Nchi yenye shule kama hiyo haistahili mtoto apoteze mguu kwa ajili ya kamba. Wamalawi mwaka 2005 walikwisha kuonyesha kwamba hata matabibu wasio madaktari wapasuaji wanaifanya kazi ya plasta vizuri. Kumfundisha fundi wa senta kubadili kamba na kuchungulia tundu ni kazi ya adhuhuri moja.

Mengine kwa haraka: njia hiyo hiyo imefaa watoto walioanza kuchelewa, Nepal wamewanyoosha hata waliokwishatembea miaka; imefaa miguu iliyorudi baada ya upasuaji; husaidia, kwa shida zaidi, waliozaliwa na viungo vilivyokakamaa au mgongo wazi; na jozi iliyobana humfaa mtoto mwingine ikirudishwa. Hairudishwi. Jozi ya kwanza ya mtoto yule, ndogo kama kiganja, ilikuwa imefungwa kwenye pindo la chandarua ili upepo usikiinue.