Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: "Malaika" na Suala la Wimbo wa Jadi

Utangulizi

Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili nilipewa zoezi la kutoa mifano mitatu ya nyimbo za jadi katika fasihi simulizi ya Afrika Mashariki. Mfano wangu wa kwanza ulikuwa "Malaika". Nikaongeza, kwa ujasiri wa kijana, kwamba mtunzi wake hajulikani na kwamba ni mali ya jamii nzima. Nilipata alama zote. Likizo ilipofika nikarudi nyumbani Voi na kumsimulia mzee mmoja wa mtaa wetu habari za zoezi hilo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyo mtu alikuwa na jina, na jina lake ni la kwetu. Mbona mmemzika bila jina?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala hii. Inakusudia kuonyesha kwamba istilahi "wimbo wa jadi" haielezi tu mlio wa wimbo au ukongwe wake. Ni hukumu kuhusu aliyeutunga na anayeumiliki. Hukumu hiyo ikitolewa bila ushahidi, kuna mtu anayenyang'anywa. Kabla ya kulijadili suala hilo kwa kumrejelea msanii kutoka Taita, tutaanza mbali kidogo, Ufaransa, kwa kuwa mfano wa ugenini huturahisishia kuona yale ambayo mazoea ya nyumbani yametufumba macho tusiyaone.

Jadi ya Kifaransa katika albamu ya Mmarekani

Mnamo mwaka 2007 kundi la Beirut, linaloongozwa na Zach Condon, lilitoa albamu iitwayo The Flying Club Cup. Condon ni Mmarekani aliyezaliwa Santa Fe, katika jimbo la New Mexico, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 21 hivi. Albamu hiyo huwekwa katika fungu la muziki wa kiasili wa wasanii wa kujitegemea, yaani wasanii wanaochota sauti za jadi lakini hutunga nyimbo zao wenyewe nje ya kampuni kubwa za kurekodi. Nyimbo zake kadhaa zina majina ya Kifaransa, na mbili kati yake, "Nantes" na "Cherbourg", zimepewa majina ya miji ya Ufaransa. Msikilizaji akisikia kodiani ikivuma humo husema mara moja: huu ndio muziki wa jadi wa Ufaransa.

Lakini je, ni wa jadi kwa maana gani? Kodiani ni ala iliyobuniwa Ulaya katika karne ya 19. Katika kumbi za dansi za Paris zilizojulikana kama musette, wahamiaji kutoka mkoa wa Auvergne walikuwa wakipiga zumari ya mfuko wa ngozi, kisha wahamiaji wa Kiitaliano wakaja na kodiani zao na hatimaye ala hiyo ikatawala. Hivyo basi, mlio ambao dunia nzima huuhesabu kuwa roho ya Ufaransa ulizaliwa mjini, miongoni mwa watu waliotoka kwao kutafuta kazi. Hali kadhalika, nyimbo za Kifaransa za karne ya 20 ambazo Condon alivutiwa nazo zina watunzi wanaojulikana kwa majina. Jacques Brel ni mmoja wao, naye alikuwa Mbelgiji.

Kuna mafunzo mawili hapa. Kwanza, jadi si kitu kilichoshuka kikiwa kimekamilika. Aghalabu hutengenezwa na watu walio safarini. Pili, pamoja na kuchota kote huko, hakuna aliyesema kwamba nyimbo za Condon hazina mtunzi. Jina lake limeandikwa. Tukiyashika mafunzo hayo, sasa turudi kwetu.

Mdawida na gitaa

Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2001. Jina lake la mwisho linahitaji kusomwa kwa makini na kila mwanafunzi wa lugha za Kibantu. Watu ambao wengine huwaita Wataita hujiita Wadawida, na lugha yao ni Kidawida; mmoja wao ni Mdawida. Kwa maneno mengine, msanii huyu alibeba kabila lake ndani ya jina lake popote alipokwenda, na bado sisi tuliweza kudai kwamba hatujui alikotoka.

Taita Taveta ina muziki wake wa jadi kwa maana halisi ya neno. Mwazindika, ngoma ya Wadawida inayohusishwa na pepo na uganga, haina mtu mmoja anayeweza kusimama na kusema, "Hii niliitunga mimi." Inafungamana na miktadha maalumu ya jamii, na ujuzi wake hupokezwa kwa kushiriki. Fadhili William hakuimba mwazindika. Alishika gitaa, ala iliyoenea Afrika Mashariki hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na akaimba kwa Kiswahili. Akiwa na kundi la Jambo Boys, na baadaye katika studio ya Equator Sound jijini Nairobi, alirekodi "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika bendi ya Equator Sound alifanya kazi na wasanii kama Daudi Kabaka, na vilevile Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka nchi ambayo leo ni Zambia.

Kwa nini Kiswahili na si Kidawida? Aliyekulia Voi hahitaji maelezo marefu. Huu ni mji wa reli, kati ya Mombasa na Nairobi, ambapo Mdawida, Msagalla, Mtaveta, Mkamba na mtu wa pwani hukutana sokoni na kupatana bei kwa lugha moja. Studio ya Nairobi nayo ilikuwa soko la aina hiyo, kwani mwimbaji wa Taita hangeweza kuelewana na mpiga gitaa wa Zambia kwa Kidawida. Kama kodiani ya Paris, wimbo wa gitaa wa Kiswahili ni mtoto wa safari na ajira.

Sauti ya nafsineni

Maudhui ya wimbo yanajulikana: kijana anampenda msichana, angetaka kumwoa, lakini hana mali. Wengi hukomea hapo na kuuita wimbo wa mapenzi. Tukiuchunguza zaidi, tunaona kwamba mpenzi anafananishwa na viumbe wawili, malaika na ndege mdogo, na wote wawili wana mabawa. Nafsineni yuko chini, miguu ardhini, akimtazama anayeweza kuruka. Aidha, anajitambulisha kama kijana mwenzake. Hamlaumu msichana, wote wawili wamenaswa na utaratibu wa mahari ambao hawakuuweka. Tena wimbo hutaja mali na pia pesa. Kwa jamii iliyozoea mahari ya mifugo na kisha ikajikuta inahesabu shilingi, tofauti ya maneno hayo mawili si ya bure. Ni historia fupi ya uchumi wa kikoloni.

Jambo la kuvutia zaidi limo katika kitenzi. Kiswahili hutofautisha kuoa na kuolewa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Waimbaji waliousambaza wimbo huu duniani ni pamoja na wanawake wawili mashuhuri, Miriam Makeba wa Afrika Kusini na Angélique Kidjo wa Benin, aliyeurekodi katika albamu ya Logozo ya mwaka 1991. Wote wawili waliimba kitenzi "oa", si "olewa". Sauti ni ya mwanamke, lakini sarufi ni ya kijana wa kiume asiye na mahari. Wimbo ulivuka mipaka na bahari, ukabadilishiwa ala na mahadhi, lakini nafsineni wa kwanza hakung'oka. Laiti ungekuwa wimbo wa jadi uliopita vinywani mwa wanawake wa Kiswahili kwa vizazi kadhaa, tungetarajia kitenzi hicho kibadilike kumfuata mwimbaji, kama inavyotokea katika nyimbo nyingi za harusi. Haya si matokeo ya upokezi wa mdomo kwa mdomo. Ni matokeo ya santuri.

Namna "Malaika" ulivyofanywa wa jadi

Mwaka 1965 Makeba na Harry Belafonte walitoa albamu ya pamoja, An Evening with Belafonte/Makeba, ambayo ilijumuisha "Malaika". Mwaka uliofuata albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy, na kitengo ilichoshindia ni kile cha rekodi ya muziki wa kiasili. Hatusemi kwamba wasanii hao walikusudia kumdhulumu mtu. Makeba alikuwa amezuiwa kurudi nchini kwake na sauti yake ilikuwa silaha ya ukombozi. Hata hivyo, wimbo wa gitaa wa mjini, uliorekodiwa studioni miaka michache tu kabla, uliwafikia wasikilizaji wa Magharibi ndani ya kapu lililoandikwa "asili". Kwa msikilizaji wa mbali, chochote cha Kiafrika kilicho kizuri na chepesi kuimbika kilionekana hakina budi kuwa cha mababu. Mwaka 1981 kundi la Boney M. nalo likautoa kwa mahadhi ya dansi, na kufikia hapo wimbo ulikuwa wa kila mtu.

Ipo hoja ya kupinga. Umiliki wa "Malaika" una utata wa muda mrefu. Adam Salim wa Tanzania alisema aliutunga katika miaka ya 1940. Lucas Tututu wa Mombasa na Grant Charo pia wametajwa. Wapo wanaosema: kwa kuwa madai ni mengi, na tuuite wa jadi tupumzike. Hoja hiyo ni dhaifu. Wazazi wakimgombania mtoto, ugomvi wao hauthibitishi kwamba mtoto ni yatima. Kinyume chake, wimbo wa jadi haugombaniwi na watu binafsi namna hiyo. Kila dai linamtaja mtu mmoja kwa jina na wakati wake. Kuuita wa jadi ni kuwafuta wote kwa mpigo mmoja, awe Fadhili William au Adam Salim.

Sheria mbili, wamiliki wawili

Suala hili si la darasani pekee. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi anayejulikana katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Ikiwa mtunzi wa "Malaika" ni Fadhili William, basi haki ya utunzi itadumu hadi mwisho wa mwaka 2051, na warithi wake wana la kudai. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 huzipa jamii haki juu ya urithi wao. Mwazindika ni wa kulindwa kwa sheria hii ya pili. "Malaika" kwa ile ya kwanza.

Tukichanganya mafungu haya mawili, hasara ni maradufu. Mtunzi hukosa haki yake kwa kuambiwa kwamba wimbo ni wa jamii, ilhali jamii ya Wadawida nayo haipati chochote, kwa kuwa wimbo hauna chimbuko katika mila zake. Anayefaidi ni yule aliyeukuta "bila mwenyewe".

Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, napendekeza kwamba sisi wanafunzi wa fasihi tujiulize maswali matatu kabla ya kuubandika wimbo wowote jina la jadi. Je, yupo mtu anayetajwa kuutunga, hata kama anapingwa? Wimbo ulitufikia kwa njia gani: kwa kushiriki, au kwa santuri, redio na kanda? Na tukiuita wa jadi, nani anafaidika na nani anakosa? Anayetunga upya akichota jadi, kama Condon alivyofanya, ahesabiwe kuwa mtunzi. Ngoma ya jamii na ihesabiwe kuwa ya jamii. Mwimbaji wa mjini aliyeshika gitaa na kuimba umaskini wake asigeuzwe mzimu kwa sababu tu wimbo wake ulipendwa mno.

Zoezi langu la mwaka wa pili bado ninalo, na alama zake zote. Nimekata jibu la kwanza kwa wino na kuandika pembeni majina ya wanaodai wimbo ule. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.