Kompyuta Pepe Ikikataa Kuwaka, Usikimbilie Kuifuta

Ofisi nyingi ndogo huwa na kompyuta mbili ndani ya kasha moja. Ya kwanza ni ile mnayoiona mezani. Ya pili iko ndani yake, imeundwa kwa programu tu, nayo huitwa kompyuta pepe. Ifikirie kama mgeni aliyepewa chumba. Mwenyeji ndiye mwenye stima, kumbukumbu na diski; mgeni huazimwa vyote hivyo, na diski yake yeye ni faili moja kubwa tu lililo ndani ya diski ya mwenyeji.

Kwa nini mtu aweke mgeni? Mara nyingi ni kwa sababu ya programu ya zamani. Kuna vyama na maduka ambayo hesabu zao ziko kwenye programu iliyoandikwa enzi za Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Programu hiyo haikubali kwenye Windows mpya, na aliyeiandika pengine hapatikani tena. Basi fundi huweka XP ndani ya VirtualBox ya Oracle, ofisi ikaendelea na kazi. Hakuna anayeikumbuka mpaka siku inapogoma.

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini ufundi wangu wa kompyuta naufanyia Kisii na Nyamira, na msiba huu nakutana nao sana msimu wa mvua. Huku milimani asubuhi huwa jua, alasiri ikawa mvua na radi. Stima hupotea ghafla, ikarudi, ikapotea tena. Si huku pekee: usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilikatika karibu Kenya nzima. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika papo hapo. Stima ikirudi, mwenyeji huwaka bila shida, lakini mgeni aliyekatizwa akiwa katikati ya kuandika haamki.

Mfano ni chama kimoja cha akiba cha wakulima wa chai, upande wa Nyamira. Wanachama huweka pale sehemu ya pesa za majani, na siku za bonasi zilikuwa zimekaribia. Akiba ya kila mtu na mikopo yote vilikuwa ndani ya kompyuta pepe. Mweka hazina, mama wa makamo, alikuwa ameshaambiwa kwamba mashine imekufa, ifutwe iwekwe upya. "Fundi, humo ndani ni jasho la watu," aliniambia. "Wakija na risiti zao nusu zimeliwa na mchwa, nitawajibu nini?" Maneno hayo yana uzito. Mgeni akigoma kuwaka, mara nyingi data bado ipo. Inayopotea hupotezwa na mkono wa mtu anayeharakisha kutengeneza.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kunakili. Funga VirtualBox, chukua diski ya nje, nakili folda nzima ya kompyuta pepe ilivyo, pamoja na kila faili usilolielewa. Majaribio yote yaje baada ya hapo. Ukiharibu, unacho cha kurudia.

Hatua ya pili, anza nje ndipo uingie ndani. Tazama mwenyeji kwanza. Diski yake imejaa? Faili la diski ya mgeni kwa kawaida hukua kidogo kidogo kadiri anavyoandika. Mwenyeji akiishiwa na nafasi, mgeni husimamishwa njiani. Hapo dawa ni kuhamisha video na picha za watu zilizojazana, si kumgusa mgeni. Kisha tazama saa ya kompyuta. Ikiwa tarehe imerudi nyuma miaka, ile betri ya duara kama sarafu iliyo kwenye ubao mkuu imekwisha. Ikiisha, stima ikikatika kompyuta husahau mipangilio yake ya BIOS, na katika mashine nyingi ile ruhusa ya kuendesha kompyuta pepe hurudi ikiwa imezimwa. VirtualBox kuanzia toleo la 6.1 haiwezi kumwasha mgeni yeyote bila ruhusa hiyo. Badilisha betri, ingia BIOS, washa ruhusa, umemaliza.

Hatua ya tatu ni karatasi za mgeni. Mbali na diski, kuna faili dogo linaloishia na .vbox, linaloeleza mgeni ana kumbukumbu kiasi gani na diski yake iko wapi. Kule Nyamira ugonjwa ulikuwa hapa. VirtualBox ilisema mashine haifikiki, na nilipolitazama faili hilo ukubwa wake ulikuwa sifuri: stima ilikatika wakati linaandikwa. Lakini VirtualBox huweka nakala ya kabla yake, inayoishia na .vbox-prev. Nililiweka pembeni lile bovu, nikanakili lile la zamani na kulipa jina la .vbox, nikaliongeza upya kwenye orodha. XP ikawaka, na vitabu vya wanachama vikafunguka. Diski yenyewe haikuwa na tatizo lolote. Ingefutwa, ingefutwa ikiwa nzima.

Hatua ya nne, kama mgeni alikuwa amelazwa badala ya kuzimwa, ile hali iliyohifadhiwa huweza kuharibika. Kuitupa ni sawa na kuchomoa waya: kazi ambayo haikuhifadhiwa itapotea, lakini diski itabaki. Ila tahadhari na folda iitwayo Snapshots. Mafaili yake yameshikana kama mnyororo, na mabadiliko yote ya karibuni huandikwa humo. Wapo wanaoyafuta ili kupata nafasi. Ukikata pete moja, mnyororo mzima haushiki.

Hatua ya tano ndiyo ya kuingia ndani. Mgeni akilalamika kwamba haoni pa kuwakia, hakikisha faili la diski bado limeunganishwa kwenye mipangilio yake, na mpangilio wa kuwaka unaanzia hapo. Akianza kuwaka kisha akaanguka, mwashe kwa CD ya Windows au Linux iliyo katika faili la ISO, uikague diski: chkdsk kwa Windows, fsck kwa Linux. Hizi hurekebisha kwa kubadilisha, na ndiyo sababu nimesisitiza nakala. Ikishindikana, iunganishe nakala ya diski kwenye kompyuta pepe nyingine iliyo nzima, kama diski ya pili, utoe data yako.

Njia hii ya mwisho wameitumia hata wakubwa. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft. Zile zilizokuwa pepe, mafundi walizichomoa diski, wakaziunganisha kwenye mashine nzima, wakafuta faili moja bovu, wakazirudisha. Mashine zikawaka na data yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nunua UPS, hata ndogo, ikupe dakika chache za kumzima mgeni kwanza na mwenyeji baadaye. Kila Ijumaa jioni mzime mgeni, unakili folda yake kwenye diski ya nje, na diski hiyo isilale ofisini. Mwizi na moto havichagui. Mara moja moja iwashe ile nakala kwenye kompyuta nyingine uone kama kweli inafunguka. Na kila mwisho wa mwezi chapisha salio la kila mwanachama kwenye karatasi. Nasema haya nikiwa milimani, lakini Likoni, Malindi na Lamu stima hukatika vilevile, na vyama vya akina mama huko navyo vinaweka hesabu kwenye kompyuta. Muulizeni fundi wenu leo: hesabu zetu ziko kwenye faili gani, na nakala yake iko wapi?