Aliyeachishwa Kazi Asijifiche

Kuachishwa kazi si jambo geni katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Wenye umri wa kuikumbuka miaka ya 1990 watakumbuka jinsi serikali, ikishinikizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilivyoanza mwaka wa 1993 kuwapunguza makarani, madereva na matarishi wake kwa maelfu. Wengi walirejea Nyeri, Karatina na Kerugoya wakiwa na kiinua mgongo ambacho aghalabu kiliishia katika matatu iliyochakaa au duka lililofungwa kabla ya mwaka kwisha. Baadaye likaja shirika la Telkom Kenya, lililowaaga maelfu ya wafanyakazi wake katika miaka ya 2006 na 2007 wakati hisa zake nyingi zilipokuwa zikitayarishwa kuuziwa kampuni ya Ufaransa. Kisha ukazuka ugonjwa wa korona mwaka wa 2020, na safari hiyo zamu ikawa yetu sisi walimu wa shule za kibinafsi.

Nia yangu katika makala haya si kuomboleza. Nataka kuzungumza na walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi ambao kesho watakuwa wafanyakazi, kuhusu jambo ambalo halimo katika silabasi yoyote niliyowahi kufundisha: mtu aliyepoteza kazi huipataje nyingine, na simu iliyo mfukoni mwake humsaidiaje, au humhadaaje, katika safari hiyo?

Nilikuwa nikifundisha Kiswahili na Historia katika shule moja ya upili isiyo mbali na mji wa Nyeri. Shule zote nchini zilipoamriwa kufungwa katikati ya Machi 2020, tulidhani ni mambo ya majuma machache. Aprili tulilipwa nusu mshahara. Mei hatukulipwa kitu. Juni ikaja barua ya aya moja, iliyotutakia heri. Na mnamo tarehe 7 Julai, marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa waziri wa elimu wakati huo, alipotangaza kwamba mwaka huo wa masomo umepotea na kwamba shule zingefunguliwa Januari 2021, hata wale waliokuwa bado wanaitazama barua hiyo kwa matumaini walikata tamaa. (Madarasa matatu yaliitwa mapema, tarehe 12 Oktoba, lakini hilo halikumrudisha kazini kila mwalimu.)

Niseme kwa ufupi jambo moja la sheria, kwa kuwa walimu wengi hawalijui. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa ilani ya angalau mwezi mmoja, na kumlipa kila anayeondolewa mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Kifungu cha 51 kinampa mfanyakazi haki ya kupewa cheti cha utumishi, awe ameondoka kwa heri au kwa shari. Barua yetu haikugusia lolote kati ya haya. Cheti nilikifuata mwenyewe, mara tatu, na baadaye utaona kwa nini kilinifaa.

Lakini adui mkubwa wa mwalimu aliyeachishwa kazi si umaskini; ni haya. Katika miji yetu jina la mwalimu halimtoki mtu. Buchani anaitwa mwalimu, kanisani anaitwa mwalimu, na mtoto aliyemfundisha miaka 15 iliyopita humvulia kofia katikati ya barabara. Mtu wa namna hiyo atasemaje kwamba hana kazi? Mwenzangu mmoja aliendelea kutoka nyumbani kila asubuhi akiwa amevaa tai, akaketi katika bustani ya Whispers mjini Nyeri hadi jioni, kisha akarudi kwake akilalamika kwamba mikutano ya walimu imezidi. Mkewe alijua yote, naye alijua kwamba mkewe anajua, ila hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Miezi minne mwenzangu huyo alikaa bila kupata hata kazi ya juma moja, wala sikushangaa, kwani hakuna binadamu aliyekuwa na habari kwamba anaitafuta.

Mimi nilianza kwa kuwaambia watu wa karibu: ndugu zangu, shemeji zangu, majirani wa Ruring'u na wazee wa kanisa. Walinihurumia kwa dhati. Dada yangu mkubwa alinitumia unga na viazi kutoka Othaya kila mwisho wa mwezi, na sitamsahau. Hata hivyo, kuhusu kazi, hapana mmoja wao aliyekuwa na neno jipya la kuniambia. Yale waliyoyajua nilikuwa nayajua. Shule walizozisikia nami nilizisikia, kwani tulikuwa tukiishi katika kijiji kimoja, tukisikiliza redio ile ile na kunong'onezana uvumi ule ule.

Ndipo nikaandika ujumbe katika kundi la WhatsApp la walimu wa Kiswahili, kundi ambalo hadi wakati huo nililitumia kubishana juu ya ngeli na kusambaza mitihani ya majaribio. Ujumbe wenyewe niliutunga kama ninavyowataka wanafunzi wangu watunge barua rasmi. Sikuandika kwamba natafuta kazi yoyote na Mungu awabariki nyote. Kwa maombi ya jinsi hiyo msomaji husema amina, kisha akaendelea na shughuli zake. Niliandika kwamba nimeachishwa kazi, kwamba nafundisha Kiswahili na Historia kidato cha kwanza hadi cha nne, kwamba nimesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kwamba nimewahi kusahihisha karatasi ya fasihi ya mtihani wa KCSE, na kwamba niko tayari kuhamia mji wowote kati ya Nyeri na Meru. Mistari mitano tu.

Siku mbili baadaye nilipigiwa simu na mtu ambaye jina lake sikulikumbuka mara moja. "Mwalimu, hujambo? Tuliketi meza moja tukisahihisha fasihi. Wewe ndiwe uliyekuwa ukikataa kutoa nusu alama." Hapo nikamkumbuka. Alikuwa Nanyuki. Alikuwa na habari za watafiti wageni waliokwama makwao kwa sababu safari za ndege za kimataifa zilikuwa zimesitishwa, nao walitaka kujifunza Kiswahili kwa njia ya intaneti wakisubiri kuja Laikipia. Yeye alikuwa na wanafunzi wa kumtosha. Je, ningewachukua watatu? Niliwachukua. Malipo hayakuwa ya kutajirisha mtu, ila yalilipa kodi ya nyumba. Na mwezi wa Januari 2021 shule zilipofunguliwa, ni mtu huyo huyo aliyenijulisha kwamba shule moja ya mji wake ilikuwa ikitafuta mwalimu wa Kiswahili.

Jambo hili lilinifanya nirudie maandishi ya mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, ambaye mwaka wa 1973 alichapisha makala mashuhuri kuhusu nguvu za uhusiano hafifu. Aliwahoji watu wa mji wa Newton, jimbo la Massachusetts, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Aligundua kwamba miongoni mwa waliopata kazi kupitia kwa mtu wanayemjua, takribani mmoja tu kati ya 6 ndiye aliyesaidiwa na mtu anayeonana naye mara kwa mara. Waliosalia walisaidiwa na watu wanaoonana nao kwa nadra: mfanyakazi mwenza wa zamani, au mtu waliyesoma naye. Sababu ni ile niliyoigundua Ruring'u: walio karibu nawe wanajua unayoyajua, ilhali aliye mbali kidogo anaishi katika ulimwengu wenye habari nyingine. Mwaka wa 2022 watafiti walilipima wazo hilo kwa watu milioni 20 wanaotumia mtandao wa LinkedIn, ulioanzishwa mwaka wa 2003 hasa kwa ajili ya mambo ya kazi, wakapata kwamba Granovetter hakukosea, ila wakaongeza sharti: mtu usiyemjua kabisa hakufai sana. Anayekufaa zaidi ni yule wa katikati, mnayejuana juu juu na mwenye kufahamiana na baadhi ya unaowafahamu. Meza ya usahihishaji, kwa maneno mengine.

Najua msomaji wangu amekwisha kukunja uso. Hivi huyu mwalimu si anatusifia kujuana? Nchini Kenya neno hilo lina harufu mbaya, na kwa haki. Ni vijana wangapi wenye shahada kutoka Chuo Kikuu cha Karatina au cha Dedan Kimathi waliofungiwa mlango kwa sababu hawakuwa na mjomba ofisini? Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 232, inataka utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahili, nami naitetea kwa moyo wote.

Hata hivyo, naona tofauti kati ya kupewa habari na kupewa kazi. Yule bwana wa Nanyuki hakuwa na uwezo wa kuniajiri. Nilikwenda kwenye mahojiano pamoja na waombaji wengine wanne, nikaulizwa nambari yangu ya TSC, nikatakiwa kuonyesha cheti cha utumishi, kisha nikafundisha kipindi kizima cha ushairi mbele ya mwalimu mkuu na wanafunzi wa kidato cha tatu ambao hawakunionea huruma hata kidogo. Kama ningeshindwa, simu ya rafiki isingeniokoa.

Hata nikiisha kusema hivyo, sijamaliza deni. Nafasi ile haikubandikwa popote. Mwalimu bora kuliko mimi huenda alikuwa akiishi mtaa wa pili, asijue lolote kwa kuwa hakuwa katika kundi letu. Shule inayotegemea minong'ono ya simu pekee humkosa mtu huyo, na ndiyo sababu nimeishawishi shule ninayofundisha sasa ibandike nafasi zake langoni na katika ofisi ya elimu, hata kama wanne kati ya watano watakaokuja watakuwa wamezisikia kwanza kwa WhatsApp.

Kuna na wasiokuwa katika kundi lolote. Shule iliyotuachisha ilikuwa na mpishi, mama wa makamo ambaye tulikuwa tukimwita Cucu ingawa hakuwa mzee kiasi hicho. Simu yake ilikuwa ile ndogo yenye vibonye. Alipewa barua ile ile ya aya moja. Uhusiano wake ulikuwa chama cha akina mama kumi na wawili, wa namna ya ngwatio, desturi ya Wakikuyu ya kulimiana mashamba kwa zamu: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Chama kilimpa mtaji wa kuuza githeri karibu na kituo cha matatu, nacho hakikumwacha alale njaa. Lakini akina mama wale, kama ndugu zangu, hawakuwa na habari ya jiko lolote lililohitaji mpishi. Mnamo Februari 2021, kwa ruhusa yake, niliandika habari zake katika kundi letu la walimu: amepikia wanafunzi 300 kwa miaka 11, hajawahi kuchelewesha chai ya saa nne. Shule tatu ziliuliza. Alichagua ya Karatina kwa sababu ingemwezesha kurudi nyumbani kila jioni.

Kuhusu vyombo vyenyewe sina mengi. Kanda hii imebahatika: tangu mwaka wa 2013 mradi wa Mawingu, kwa ushirikiano na Microsoft, ulianza kufikisha intaneti katika vijiji vilivyo karibu na Nanyuki kwa kutumia masafa ya televisheni yasiyotumika na nguvu za jua, na tangu 2016 serikali ina mpango wa Ajira Digital wa kuwafunza vijana kazi za mtandaoni. Kwa upande mwingine, matapeli nao wamejifunza. Ukiona tangazo la kazi lenye nembo ya serikali linalokutaka utume ada ya usajili kwa M-Pesa, usilijibu. TSC haimtozi mwalimu pesa ili ampe kazi. Na anayeahidiwa kazi Ghuba ahakikishe kwanza kwamba wakala huyo ana leseni kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Wanafunzi wa kidato cha nne huniuliza iwapo wafungue ukurasa wa LinkedIn sasa. Hakuna ubaya. Lakini kazi ninayowapa kila mwaka mwezi wa Septemba, kabla ya mtihani kuwatawanya, ni nyepesi kuliko hiyo: karani wa darasa achukue daftari moja, aandike jina la kila mwenzake, kijiji anakotoka, na nambari ya simu ya nyumbani ambayo haitabadilika. Nakala hupewa kila mmoja, hata yule asiyependwa na mtu. Darasa la mwaka wa 2021 lilikuwa na majina 43. Juzi mmoja wao, fundi wa umeme mjini Embu, alinipigia kuuliza nambari ya msichana aliyeketi dawati la nyuma, ambaye hawakuwahi kuzungumza sana. Kampuni yake ilihitaji mhasibu, naye alikumbuka kwamba msichana huyo alikuwa akimshinda kila mtu katika hesabu.