Daftari la Madrasa Ndani ya Kompyuta: Kazi Inayobaki Baada ya Kuweka Programu



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu watukufu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur-ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu kuandikiana madeni. Kuweka kumbukumbu, basi, si jambo geni kwetu. Kwa miaka mingi daftari la madrasa lilikaa kabatini na ufunguo ukakaa kwa mwalimu mkuu. Daftari lilipohamia kwenye kompyuta, wanafunzi wetu waliuliza swali zuri: je, ufunguo nao umehamia wapi?

Programu tunayoitumia ni PostgreSQL. Ni seva ya hifadhidata, yaani programu inayokaa macho muda wote ikingoja kuulizwa: fulani kafika juzuu ya ngapi, fulani kalipa ada ya mwezi gani. Asili yake ni mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na jina hili ilipewa mwaka 1996. Inatolewa bure, na leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kwa hiyo hatukulazimika kutafuta nakala ya wizi, mtindo ambao, tuseme kweli, umezoeleka mno mitaani kwetu. Kompyuta yenyewe inaendeshwa na FreeBSD, ambayo ni ya ukoo wa Unix.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba tukishaweka kifurushi cha programu kwa amri ya `pkg install`, kazi imekwisha. Tulipojaribu kuifungua tukajibiwa kuwa hakuna seva inayopokea. Tukaifuta, tukaiweka tena, mara tatu! Kumbe kifurushi huleta programu tu. Daftari lenyewe bado halijafunguliwa wala halijapigwa mistari. Kwanza huandikwa `postgresql_enable="YES"` ndani ya faili la `/etc/rc.conf`, ili seva iamke kila kompyuta inapowashwa. Kisha hutolewa amri ya `service postgresql initdb`, nayo ndiyo inayotengeneza saraka ya data. Mwisho ni `service postgresql start`. Wenye Debian hawaoni hatua hizi, kwa kuwa Debian huwafanyia yote wakati ule ule wa kuweka kifurushi. Ndiyo maana maelekezo ya rafiki yako huenda yasifanane na ya kwako.

Hatua ya `initdb` isiharakishwe, maana ndipo unapochaguliwa mfumo wa herufi. Andika `psql -l` ukiwa mtumiaji `postgres`, utaona orodha ya hifadhidata pamoja na mfumo wa kila moja. Tunataka UTF8, kwani majina ya watoto wetu tunayaandika pia kwa herufi za Kiarabu. Ukiona SQL_ASCII, seva haitakagua herufi kabisa, na majina yanaweza kuharibika bila onyo lolote. Sahihisha mapema, kabla hujaingiza watoto mia mbili.

Sasa tuje kwenye ufunguo. Jioni moja baada ya Alasiri alitujia mwanafunzi wa darasa la juu, mwenye akaunti yake ya mazoezi katika kompyuta hiyo hiyo.

"Ustadhi, naomba radhi. Nimeingia pahala nisipopaswa kuingia."

Alikuwa ameandika `psql -U postgres madrasa`, na seva ikamfungulia bila kumuuliza neno. Mbele yake likatokea jedwali la ada, na ndani yake majina ya familia zilizosamehewa kulipa: mayatima, na wazazi waliotueleza shida zao faraghani. Kijana alifunga akaja kusema, Allah amlipe kheri. Lakini siri ile tuliaminiwa sisi, na mlango tuliuacha wazi sisi.

Sababu ni hii. `initdb` isipoelekezwa vingine, huandika katika faili la `pg_hba.conf` neno `trust`, maana yake: aliyemo ndani ya kompyuta hii aaminiwe kuwa ndiye anayejiita. Hutoa onyo inapofanya hivyo. Nasi onyo tuliliona, ila hatukulisoma.

Dawa yake ina mpangilio. Anza kwa kumtengeneza mtumiaji wa kazi za kila siku, mwenye neno la siri: ukiwa `postgres`, andika `createuser -P karani`, kisha `createdb -O karani madrasa`. Sisi, kwa kuwa hifadhidata ilikuwapo tayari, tulibadilisha umiliki wake tu. Halafu fungua `pg_hba.conf`. Mstari wa juu uwe `local all postgres peer`: atakayeingia kama mkuu wa seva ni yule tu ambaye Unix yenyewe inamtambua kuwa ndiye `postgres`. Chini yake uwe `local all all scram-sha-256`, yaani wengine wote waulizwe neno la siri. Mistari ya `host` nayo isibakishwe na `trust`. Seva husoma kutoka juu kwenda chini na kufuata mstari wa kwanza unaolingana, kwa hiyo ukipindua mpangilio umebadilisha maana. Malizia kwa `service postgresql reload`.

Walimu wa kawaida tuliwapa jina lao, na kwa amri ya `GRANT` tukawaruhusu kuona mahudhurio na hifdhi peke yake. Jedwali la misamaha halikuhitaji kufungwa, kwa sababu jedwali jipya halionekani kwa mwingine mpaka mwenyewe aruhusu.

Mlio na MySQL au MariaDB, kazi kama hiyo hufanywa na `mysql_secure_installation`: humwekea mkuu neno la siri, huwaondoa watumiaji wasio na majina na kufuta hifadhidata ya majaribio.

Limebaki suala la nakala. Kunakili saraka ya data huku seva inafanya kazi hakutoshi, kwani nakala hiyo inaweza isifunguke. Tunatumia `pg_dump madrasa` kila Alhamisi usiku, na faili linalotoka huhifadhiwa katika nyumba nyingine, si ofisini. Kila mwisho wa mwezi tunalirudisha kwenye hifadhidata tupu tuone kama majina yote yamo. Kazi hiyo anaifanya yule kijana, chini ya uangalizi wa mwalimu, na jedwali la misamaha hupigwa nakala yake peke yake, ambayo yeye haipewi.

Wabillahi tawfiq.