Fahamu: Neno karantini limetoka wapi?

Karantini ni kuwatenga kwa muda watu waliokaribiana na mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, hadi ibainike kama wameambukizwa.

Asili ya neno

Limetokana na "quarantena", neno la Kiveneti lenye maana ya siku 40. Mzizi wake ni "quadraginta", yaani arobaini kwa Kilatini.

Utaratibu ulianzaje?

Mwaka 1377, mji wa bandari wa Ragusa, leo Dubrovnik nchini Croatia, uliagiza wageni kutoka maeneo yenye tauni watengwe siku 30. Baadaye bandari nyingine zikaongeza hadi 40.

Kwa nini ni muhimu?

Leo muda hutegemea ugonjwa: kwa Ebola ni siku 21. Ukiwekwa karantini, timiza siku zote. Unawalinda familia na majirani.